Kabla Hujampa Mwanao Jina: Yohana, Matonya na Majina Mengine ya Wavulana wa Dodoma

Nilifundisha darasa la kwanza wilayani Chamwino mpaka nikastaafu, na kazi ya kwanza ya mwalimu wa darasa la kwanza kila asubuhi ni kuita majina. Ukiyaita miaka na miaka unaanza kuona mambo: jina ambalo mtoto analiitikia kwa sauti, jina analoliitikia huku ameinama, na jina asiloliitikia kabisa kwa sababu nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Sasa vijana niliowafundisha wanazaa. Wananipigia simu au wanapita nyumbani: "Shikamoo mwalimu, tumepata mtoto wa kiume. Tumwite nani?"

Jina siwapi, wana wazee wao. Ninachowapa ni njia ya kulitafuta, na ndiyo ninayoiandika hapa kwa ajili ya wengine. Msimamo wangu ni mmoja: mpe mwanao jina ambalo siku akikuuliza "baba, mbona naitwa hivi?" utakuwa na la kumjibu. Na atauliza. Akifika miaka sita au saba wenzake watamuuliza, naye ataleta swali nyumbani.

Anza kwa wazee, simu ije baadaye

Najua mkono unakimbilia simu. Lakini orodha nyingi za "majina ya Kiswahili" mtandaoni zimeandikiwa watu wa mbali, wengi wao wa Marekani, wanaotafuta jina lenye mlio wa Kiafrika. Humo utakuta Kito, Jelani, Hodari, Jabari. Katika miaka yangu yote ya daftari la mahudhurio sikuwahi kumwita mtoto Kito wala Jelani. Jabari lenyewe limetoka kwenye Kiarabu. Al-Jabbar ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, ndiyo maana Waislamu husema Abduljabari, yaani mja wake. Orodha itakuambia "shujaa" na kuishia hapo.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa wazee. Nenda mimba ikiwa na miezi saba au minane, usingoje mama yuko wodini na nesi anauliza jina. Beba sukari, na uwe na muda, maana mzee wa Kigogo, kabila letu hapa Dodoma, hakupi jina la ukoo mkiwa mlangoni. Salimia, "mbukwenyi", ulizia mifugo, ulizia mvua, kaa. Kisha usiulize tu "jina hili maana yake nini?" Uliza nani wa kwanza anayemkumbuka aliyeitwa hivyo. Alizaliwa mwaka wa nini? Alikuwa mtu wa namna gani na majirani? Alikufaje? Halafu uliza hili ambalo wengi hulisahau: kuna mtu yeyote katika ukoo ambaye hapendi jina hilo litajwe?

Swali hilo la mwisho lina uzito. Namjua bibi mmoja aliyekuwa akimwita mjukuu wake "wewe kijana" miaka yote, kwa sababu mtoto alipewa jina la shemeji yake waliyegombania shamba mpaka kifo. Wazazi hawakujua. Hakuna aliyewaambia, na wao hawakuuliza.

Simu itumie kurekodi. Omba ruhusa, iweke kando ya kiti, umwache mzee aseme kwa Chigogo chake, lugha yetu Wagogo. Wazee wetu wanaondoka, na wakiondoka hakuna pa kwenda kuuliza kwa nini babu mkubwa aliitwa Mazengo.

Majina ya Ugogo

Tuchukue Matonya, maana ni jina la huku hasa na nina la kusema juu yake.

Katika Chigogo, kutonya ni kunyesha, na mvua tunaiita nhonya. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Matonya, na wengine waliitwa Nhonya moja kwa moja. Mtu wa Bukoba anaweza asione uzito wa jina hilo, kwao mvua si mgeni. Sisi tuna msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na mwaka wa kawaida tunapata milimita 500 au 600. Ikikatika Februari, uwele unakauka ndiyo kwanza unatoa masuke. Sasa fikiria mama amejifungua ndani ya tembe, anasikia maji yanapiga udongo wa paa, watu wazima wako nje wanalowa kwa makusudi kwa furaha. Mtoto wake akapewa jina la kitu ambacho kijiji kizima kilikuwa kinakiomba. Jina hilo linasema siku ilikuwaje, na linasema mtoto alipokelewa vipi.

Mazengo nalo linatokana na kuzenga, yaani kujenga. Ni jina la mtemi wa Mvumi, Mtemi Mazengo, aliyekuwa mtemi mkubwa kuliko wote Ugogo enzi za Waingereza. Jina lake lilipewa sekondari maarufu hapa mjini, Mazengo, ambayo majengo yake tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ukimwita mwanao Mazengo, mpeleke siku moja akaone mahali hapo.

Majina ya tukio yalikuwa pia kalenda. Wazee wa zamani hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, walihesabu kwa njaa na kwa mvua. Kubwa iliyotajwa sana ni njaa ya Mtunya, iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata, baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mtu akisema "mama yangu alizaliwa kabla ya Mtunya", wote walielewa. Ndiyo maana nasema mzee akikuambia jina, mwulize mwaka wa nini. Pengine jina hilo ndiyo rekodi pekee ya mwaka huo katika ukoo wenu.

Niseme ukweli kuhusu upande wa pili wa Matonya. Kuna mzee wa Dodoma mwenye jina hilo aliyejulikana sana kwa kuomba barabarani Dar es Salaam, na kwa miaka mingi watu wa huko wamekuwa wakiwaita ombaomba "akina Matonya". Wapo wazazi wa Kigogo walioliacha jina kwa sababu hiyo. Mimi nasema msiliache. Jina lilikuwepo vizazi na vizazi kabla ya mzee huyo, na kulificha ni kukubali kwamba watu wa nje ndio wenye haki ya kutuambia majina yetu yana maana gani. Lakini mzazi utakayelitoa, mweleze mtoto mapema, kwa kinywa chako, habari ya mvua. Akilisikia kwanza kutoka kwa wanaomcheka, habari ya mvua itachelewa.

Jambo jingine kwenye majina ya Chigogo ni herufi. Tuna nh, mh, ngh, na mwandishi asiye wa huku atakuandikia anavyosikia yeye. Nhonya limeandikwa Nonya, na baya zaidi, Nyonya. Fikiria mtoto wa kiume anaitwa Nyonya kwenye paredi. Ukichagua jina la namna hiyo, liandike mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, umpe karani alinakili. Usilitamke tu dirishani ukatumaini.

Yohana, na jinsi ya kufuatilia asili ya jina la Biblia

Jina ninalolitumia kuwaonyesha vijana jinsi ya kufuatilia asili ni Yohana, kwa kuwa kila nyumba hapa ina Yohana wake.

Limetoka kwenye Kiebrania, Yohanani: BWANA amekuwa na neema. Likapita kwenye Kigiriki na Kilatini, na kila taifa likalitamka kwa mdomo wake: John kwa Waingereza, Jean kwa Wafaransa, Juan kwa Wahispania, Giovanni kwa Waitaliano, Hans kwa Wajerumani, Ian kwa Waskoti, Ivan kwa Warusi. Katika Qurani, Yohana mwana wa Zakaria ndiye Yahya, na katika Sura ya Maryam anatajwa kuwa amepewa jina ambalo hakuna aliyeitwa kabla yake.

Kijana mmoja wa Nkuhungu alimwita mwanawe Ivan. Alitaka jina jipya, la kisasa, aondokane na majina ya kizee. Babu wa mtoto anaitwa Yohana. Nilipomweleza kwamba mtoto amechukua jina la babu, alicheka kwa furaha, akampigia mzee simu palepale, na mzee ambaye alikuwa hataki kulitamka jina hilo sasa analitamka.

Kwetu Yohana lilikuja na wamisionari. Waanglikana wa CMS, shirika la kimisionari la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, wakaenea Mvumi na kwingineko, na mwaka 1927 ikaanzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake hapa Dodoma. Aliyebatizwa alichagua jina kwenye Biblia, na Yohana lilichaguliwa sana. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa Anglikana nchini, aliyewekwa wakfu mwaka 1955 katika dayosisi hii, alikuwa Yohana Omari. Jina la Biblia na jina la Kiislamu kwa mtu mmoja, jambo ambalo hapa katikati ya nchi halimshangazi mtu. Baadaye dayosisi ikapata Askofu Yohana Madinda. Kwa upande wa serikali, John Malecela, mtu wa Mvumi, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994, na aliyetangaza mwaka 2016 kwamba serikali ihamie Dodoma ni Rais John Magufuli. Unaona? Jina moja limeshika kanisa, siasa na uhamisho wa makao makuu. Haya yote unaweza kumhadithia mtoto wakati mnakula ugali.

Sasa tahadhari. Yona si kifupi cha Yohana. Ni jina jingine kabisa, maana yake njiwa. Yoeli na Elia yamejengwa kwa maneno yaleyale mawili, jina la BWANA na neno Mungu, ila yamepangwa kinyume. Ukiwa na mapacha wa kiume utafikiria hilo. Samweli linafungamana na Hana kumwomba Mungu mtoto. Danieli ni Mungu ni mwamuzi wangu. Yusufu, na aongeze. Raheli alilitoa akiwa na hamu ya mtoto mwingine, kwa hiyo si jina la kumpa mtoto mkiwa mmekubaliana kuwa ndiye wa mwisho. Isaka linatokana na kucheka.

Na hili la Ethan ambalo sasa nalisikia kila mahali, kuanzia Area C mpaka Nzuguni: wazazi wengi wanadhani ni la Kizungu. Fungua Zaburi ya 89, juu kabisa: utenzi wa Ethani, Mwezrahi. Ni jina la Kiebrania, lenye maana ya uimara, na Biblia ya Kiswahili imekuwa nalo miaka yote. Mzee wako akikataa Ethan, msomee hapo. Jayden ni tofauti. Ni jina lililoenea Marekani miaka ya karibuni na halina hadithi ndefu nyuma yake. Sikatazi, ila mzazi wa Jayden inabidi hadithi aitunge yeye kwa maisha yake.

Wangapi wanalo?

Umaarufu wa jina unaweza kuupima mwenyewe. Kila mwaka TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule hizi, hutoa orodha ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, mkoa kwa mkoa, shule kwa shule, na majina yako wazi. Fungua shule za kata yako, chukua kalamu, hesabu. Kumbuka tu kwamba watoto hao walizaliwa miaka 13 au 14 iliyopita, kwa hiyo unaona fasheni ya wakati huo. Ukitaka ya leo, kaa kwenye benchi la kliniki siku ya chanjo, umsikilize nesi akiita kadi.

Nikikumbuka madaftari yangu ya mwanzo naona Yohana, Samweli, Petro, Danieli, Juma, Hamisi, Ramadhani, na jina la Chigogo likifuata nyuma kama la baba. Baadaye wakaingia kwa wingi akina Emanueli, Baraka, Amani na Elia. Wafanyakazi wa serikali walipoanza kuhamia, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, majina ya nchi nzima yakaja: Godlisten na Elibariki kutoka Kaskazini, Masanja na Mabula wa Usukumani, Kulwa na Doto kwa mapacha, hata kwa mapacha wa Kigogo. Mabula, kwa taarifa yako, ni ndugu wa Matonya. Nalo ni la mvua.

Jina la wengi si kosa. Niliwahi kuwa na Emanueli watatu kwenye safu moja ya madawati na wote wakaitikia vizuri, tukawatofautisha kwa majina ya baba. Tatizo linakuja majina yote matatu yakiwa ya wengi. Mtoto anaitwa Emanueli, baba Juma, babu Yohana: wenye majina hayo kwa mpangilio huo wamejaa mkoani, na siku ya mkopo, ya ajira au ya polisi kumtafuta mtu, atapata usumbufu usiomhusu. Kwa hiyo tazama kwanza majina mawili ya nyuma, ambayo huwezi kuyachagua. Yakiwa ya kawaida, la mbele liwe la nadra. Yakiwa ni ya nadra, Matonya Mazengo kwa mfano, basi Yohana mbele inakaa vizuri sana.

Angalia pia majina yanayobeba jinsia mbili. Baraka na Amani kwa kawaida hapa ni wavulana. Bahati, Furaha, Imani, Tumaini na Shukuru huitwa wote, na mvulana mwenye jina hilo ataandikwa "KE", yaani kike, kwenye fomu fulani, ahangaike kurekebisha. Si sababu ya kuliacha, ni sababu ya kukagua kila fomu.

Majina ya huzuni

Hapa naomba wazazi wanisikilize. Kwa watu wa kizazi changu na waliotangulia, mtoto akizaliwa kwenye msiba au ndoa ikiwa inavunjika, alipewa jina la jambo hilo: Shida, Taabu, Mateso, Masumbuko, Majuto. Na aliyezaliwa baada ya wengine kufariki alipewa jina baya kwa makusudi, ili kifo kimpite. Nauelewa uchungu ulioleta majina hayo. Sina lawama kwa mama yeyote.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele ya darasa nikiita "Shida!" Alikuwa mtoto mwembamba, mwandiko wake mzuri kuliko wote. Kila nilipoita, nyuma kulikuwa na mtu wa kusema "shida imefika", na darasa linacheka. Akaanza kuitika kwa kunyoosha kidole tu. Akaacha kujitolea kwenda ubaoni. Nilimwita baba yake, mtu mpole, akaniambia mama wa mtoto alifariki wiki hiyohiyo ya uzazi, naye hakuwa na neno jingine kinywani. Tulikaa chini ya mwembe wa shule tukafungua Mwanzo 35. Raheli anakata roho akimzaa mwanawe, anamwita Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo, ambaye huzuni ni yake pia, anambadilishia: Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Yule baba alisoma mstari huo mara mbili. Mtoto hakuwa amesajiliwa bado, na alipopewa cheti akaandikwa Benyamini. Shida likabaki la shangazi yake tu, anayelisema kwa upendo.

Ukiwa umezaa kwenye huzuni, subiri kidogo kabla ya kuandika. Huzuni yako ni ya kweli, lakini yeye ndiye atakayetembea na jina hilo sokoni Majengo, kwenye usaili, na siku ya kuoa.

Kwa ndugu zetu Waislamu

Kondoa na Chemba, na hapa mjini pia, mambo yana utaratibu wake ulio wazi, na mwalimu mwenzangu wa Kirangi ndiye aliyenifundisha. Siku ya saba ni siku ya akika: mtoto ananyolewa, anachinjiwa, kwa mvulana ni mbuzi au kondoo wawili, na jina linatangazwa. Majina yanayotajwa kwenye hadithi ya Mtume kuwa ya kupendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdurahmani. Ukitumia jina lenye Abdu, usilikate. Abdurahmani asiitwe Rahmani, kwa kuwa hilo ni la Mungu peke yake. Mkitaka kufupisha, mwiteni Abdu.

Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi mitatu inayofuatana, Juma na Hamisi ni siku, Iddi ni sikukuu, na kwa majina haya unaweza kukisia mtoto alizaliwa lini. Wagogo Wakristo nao wanayo tele, kwa sababu ya majirani na kwa sababu yanatamkika. Mgeni asikadirie dini ya mtu wa Dodoma kwa jina la kwanza.

Wazee wakikataa

Mgogoro wa jina si mpya. Kwenye Luka 1 majirani na jamaa walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, Elisabeti akasema hapana, ataitwa Yohana, wakamlalamikia kwamba katika jamaa zake hakuna mwenye jina hilo. Zakaria, ambaye alikuwa bubu wakati huo, akaomba kibao akaandika: jina lake ni Yohana. Angalia alichofanya baba. Alisimama na mkewe, na aliandika. Nawaambia vijana wa kiume kila mara: mama yako akimshambulia mkeo kwa ajili ya jina, wewe ndiye wa kuomba kibao.

Suluhisho linalofanya kazi Ugogo ni majina mawili, la cheti na la nyumbani. Bibi apewe heshima ya kutoa la nyumbani na alitumie kila siku. Ila usijaribu kuyabana yote mawili kwenye cheti mbele ya jina la baba. Fomu zetu zimezoea majina matatu, la mtoto, la baba, la babu au ukoo. Ukiandika manne, ofisi moja itaondoa la pili, nyingine itaondoa la nne, na mtoto atakuwa watu wawili kwenye karatasi.

Kuliandika

Mtoto akizaliwa kituoni mnapewa tangazo la kizazi. Usajili unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90. Kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa watoto walio chini ya miaka mitano, cheti kinatolewa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo usikubali kuzungushwa na mtu wa kati. Kabla hujaondoka dirishani, soma herufi moja moja: jina la mtoto, lako, la mama, tarehe, jinsia. Jhon ni kosa. Jonh ni kosa. Nimeyaona yote mawili kwenye karatasi zenye mhuri.

Amua leo kama ni Emanueli, Emanuel au Emmanuel. Hamisi, Hamis au Khamis. Ali au Ally. Yote yanakubalika, lakini ukichagua moja libaki hilohilo kwenye kadi ya kliniki, cheti, ubatizo na bima. Jina litakaloingizwa shuleni ndilo litakaloenda kwenye usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na lile la mtihani ndilo litakaloandikwa kwenye vyeti vyake. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, NIDA, wa vitambulisho vya taifa, nao wana la kwao, na herufi moja ikipishana kijana wa miaka 19 anaanza kutafuta wakili, hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina, kwa fedha ambazo hana.

Siku unampeleka darasa la kwanza, nenda na nakala ya cheti mkononi, usimtajie mwalimu jina kwa mdomo. Na mwambie pia la nyumbani. Mwambie, "Mwalimu, kwenye cheti ni Yohana, lakini kwetu tunamwita Matonya, akikaa kimya ukimwita mjaribu kwa hilo." Mwalimu ataliandika kwa penseli pembeni ya daftari.